Kasha, Springi na Fundi: Muziki wa Mashine Katika Njia ya Maziwa Makuu

Barabara itokayo Goma kwenda Sake hupita Ndosho, mtaa wa magharibi ya mji, katika komine ya Karisimbi. Wengi walio mbali wanaufahamu kwa hospitali yake ya CBCA, ambako majeruhi wa vita hufanyiwa upasuaji. Chini ya nyumba zake za mbao umelala mwamba mweusi uliotemwa na volkano. Kila kinachofika hapa, kiwe kioo cha dirisha, bati au redio, kimekwisha kutikiswa njiani, na mara nyingi kipande cha mwisho cha safari hukimaliza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma wameitengenezea hata sanamu.

Njia za namna hiyo ndizo zilizoamua ni vyombo gani vya muziki vifike nchi za Maziwa Makuu vikiwa vizima. Historia ya mashine zinazopiga muziki zenyewe husimuliwa kwa majina ya wavumbuzi na waimbaji. Simulizi hii inawafuata watu wawili ambao majina yao hayakuandikwa sana: aliyelifunga kasha, na fundi aliyelifungua akakuta kilichomo kina hitilafu.

Mashine inayopiga muziki yenyewe si jambo la jana. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, wana watatu wa Musa bin Shakir waliandika habari za zumari linalojipiga lenyewe, likiongozwa na pipa linalozunguka lenye vijiti vilivyopangwa. Mwaka 1206, Ismail al-Jazari, mhandisi wa watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mashine. Humo mna mtumbwi uliobeba wanasesere wanamuziki, wapiga ngoma, kinubi na zumari, waliotumbuiza wageni wa mfalme kwa nguvu ya maji. Misingi ya muziki wa mashine ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiarabu karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya.

Mwaka 1796, mtengeneza saa wa Geneva aitwaye Antoine Favre alipata njia ya kukifanya chombo hicho kiwe kidogo. Aliondoa kengele, akaweka meno membamba ya chuma cha pua yanayolia yanapoguswa. Kutokana na wazo hilo yakazaliwa masanduku ya muziki ya Uswisi. Ndani ya sanduku mna silinda ya shaba yenye pini ndogo, mamia hadi maelfu, na mbele yake kitana cha chuma. Springi iliyokazwa kwa ufunguo inaizungusha silinda, kila pini inanyanyua jino moja na kuliachia, nalo linatoa sauti yake. Mengine yaliongezewa ngoma ndogo, kengele na vinyago vya kuzigonga, ili mwenye nyumba aone muziki kwa macho kama anavyousikia kwa masikio.

Uzuri wote huo unashikiliwa na kitu kimoja dhaifu: kipepeo cha bati kinachozunguka mwishoni mwa gia, kikipigana na hewa ili silinda isikimbie. Kipepeo hicho kikivunjika, au gia moja ikiachana na mwenzake springi ikiwa imekazwa, silinda huruka kwa kasi yote, pini hujipinda na meno ya kitana hukatika. Kazi ya miezi ya fundi wa Uswisi huharibika kabla mtu hajaunyosha mkono. Ndiyo maana wanaoyajua masanduku haya wana sharti moja kabla ya kuyasafirisha: springi iachwe imalize nguvu zake zote, silinda isimame pale wimbo unapoishia ambapo hakuna pini inayogusa jino, kisha kipepeo kizuiwe kwa karatasi laini. Sanduku lililokazwa halisafirishwi.

Sasa mtu achukue chombo cha namna hiyo, akitoe London, akipeleke Buganda, zama ambazo hapakuwa na reli wala gari.

Hivyo ndivyo alivyofanya Alexander Mackay. Alizaliwa Scotland mwaka 1849, akasomea uhandisi, na mwaka 1876 akawa miongoni mwa wamisionari wa kwanza wa chama cha kimisionari cha CMS kutumwa Buganda, baada ya barua ya msafiri Stanley iliyochapishwa London Novemba 1875 kueleza kwamba Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, anataka walimu. Mizigo ya msafara huo ilikuwa ya kiwanda zaidi kuliko ya kanisa: vipande vya mashua iitwayo Daisy, injini ya mvuke, vyuma vya uhunzi, herufi za kupigia chapa. Miongoni mwa zawadi za Kabaka palikuwa na sanduku la muziki.

Kutoka pwani mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega. Mpagazi mmoja alichukua karibu kilo 30, na kipimo hicho ndicho kilichokuwa sheria ya njia nzima: kilichozidi kiligawanywa, kisichogawanyika kilibaki Zanzibar. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliijua kazi yao. Waliupima mzigo kwa kuunyanyua mara moja, wakajua upande mzito uko wapi. Mwenye kuuandika mzigo huo katika daftari huko London hakuwahi kuvuka nao mto. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mamia ya makasha ya karne ile yalifungwa na watu waliouona mzigo kuwa usufi mtupu.

Mackay aliugua njiani akarudishwa pwani. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili mizigo ipite kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na kazi ikarudi mabegani mwa watu. Mwezi Desemba mwaka huohuo wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay alipofika Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria, katikati ya mwaka 1878, alikuta mali ya misheni imerundikwa ndani ya banda: mabomba ya mvuke juu ya vitabu, shanga zimechanganyika na herufi za chapa, mbegu za bustani, baruti, misumeno na masanduku ya dawa, vyote vikiliwa na kutu na vumbi.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Kwa siku 10, toka alfajiri hadi giza, alichambua rundo lile kipande kwa kipande. Kila parafujo ilirudishwa kwenye chombo chake. Injini ikakamilika hadi msumari wake wa mwisho, herufi zikapata masanduku yao, zana zikapata yao. Kisha akaigeukia Daisy, ambayo mbao zake zilikuwa zimepasuka kwa jua na kuliwa na wadudu, akaiziba hadi ikaweza kuelea tena. Kazi hii haina shangwe na wasimulizi huipitia haraka. Lakini bila siku zile za Kagei, zawadi za Kabaka zingebaki kuwa chuma chakavu kando ya ziwa.

Novemba 1878 Mackay alifika Rubaga, makao ya Kabaka, akazifungua zawadi mbele ya Mutesa na wakuu wake, sanduku la muziki likiwamo. Mutesa alikisikia Kiswahili, lugha aliyoizoea kwa wafanyabiashara wa pwani waliojaa barazani kwake, na ndicho walichozungumza wawili hao katika siku za mwanzo. Kitu kilichotoka warsha za Ulaya kilielezwa barazani Buganda kwa lugha ya Unguja.

Hata hivyo baraza lile halikuwa na njaa ya muziki. Kabaka alikuwa na wapiga ngoma za entenga, wapiga kinubi na filimbi, na magogo ya amadinda yenye nyimbo nyingi. Sanduku la muziki lilikuwa na nyimbo chache zilizopigiliwa kiwandani, na halikuweza kujifunza hata moja ya Buganda. Kilichowavuta watu zaidi kwa Mackay kilikuwa karakana yake ya Natete, penye tanuri la uhunzi na jiwe la kunolea linalozunguka. Watu walijaa kutazama gurudumu. Walitaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na hamu hiyo ndiyo inayozaa mafundi. Mackay alifukuzwa Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro upande wa kusini wa ziwa, na huko alikufa Februari 1890, bado akihangaika na vyuma vya mashua.

Miaka 4 baadaye msafiri mwingine wa njia hizo, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, alifika Ziwa Kivu na kuupanda mlima Nyiragongo, juu ya mahali ambapo leo ni Goma. Yeye hakuleta muziki. Ila meli iliyopewa jina lake iliacha somo ambalo kila mrekebishaji wa mashine kongwe angepaswa kulijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Februari 1915 ilielea Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata Wajerumani waliporudi nyuma waliizamisha, lakini mafundi wake walizipaka kwanza injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi iliyopakwa kwa saa chache ilishinda maji ya miaka 8.

Reli ya Kigoma, iliyokamilika mwaka 1914, na ile ya Mombasa iliyofika Kisumu mwaka 1901, zilibadilisha kipimo cha mzigo. Kilo 30 hazikuwa tena sheria. Wakati huohuo sanduku lenyewe lilikuwa limebadilika. Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, na muongo mmoja baadaye Emile Berliner akaleta sahani bapa. Springi ilibaki ileile, gia zilibaki zilezile, kipepeo kikageuka vipuli vitatu vya kupimia mwendo. Jambo jipya lilikuwa moja: wimbo haukupigiliwa tena ndani ya mashine. Ulikuja peke yake, katika sahani, na sahani iliweza kubeba sauti ya mtu yeyote.

Machi 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alipanda meli kwenda Bombay na wenzake kurekodi kwa HMV, kampuni ya nembo ya mbwa anayesikiliza pembe. Sahani zilirudi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Kampuni nyingine zikafuata mkondo. Kwa mara ya kwanza mashine iliyotoka ng'ambo ilisema Kiswahili, na watu walikusanyika barazani na mikahawani kuisikiliza. Mwandishi Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti, alikuwa anaandika juu ya mtu ambaye sauti yake ilikuwa imefika kule ambako miguu yake haikufika.

Sahani hizo zilikuwa na adui wawili, jua na kishindo. Zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa kidudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Zikiachwa juani hujikunja. Zikianguka hupasuka. Zikilazwa nyingi moja juu ya nyingine, zile za chini huvunjika kwa uzito wa za juu. Ndiyo maana hufungwa zikiwa zimesimama wima, ubao huku na ubao huku, bila nafasi ya kuchezea. Nayo gramafoni ilihitaji sindano mpya karibu kila upande wa sahani. Palipokosekana sindano, sahani ilichimbwa na kuchakaa.

Ndani ya gramafoni, mgonjwa mkuu ni springi. Ni ukanda wa chuma cha pua wa mita kadhaa, uliokunjwa ndani ya kopo la duara na kupakwa grisi. Grisi ikikauka, springi hushikana na kujiachia kwa mikupuo, na mwimbaji anasikika kana kwamba anajikwaa. Ikikatika, mara nyingi hukatika karibu na ncha, pale inaposhikwa na kulabu. Fundi hulifungua kopo ndani ya gunia, kwa kuwa springi iliyobanwa inaweza kuruka na kumkata viganja. Huisafisha kwa mafuta ya taa, huipasha ncha moto hadi ilainike, hutoboa tundu jipya, kisha huirudisha duara kwa duara kwa mikono miwili bila kuipinda. Springi huwa imefupishwa kidogo, na mwenye gramafoni atalazimika kuizungusha mapema zaidi. Lakini itapiga. Hakuna kipande kilichoagizwa Ulaya.

Jinsi sahani zilivyopenya bara inajulikana kwa wimbo mmoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi, alifika Kapkatet, Kenya, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilifika huko pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Miaka ya 2010 rekodi hiyo ilirudishwa Kapkatet, ikasikilizwa na wazee walioukumbuka wimbo.

Upande wa Kongo, mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy na Henri Bowane wakatoa Marie-Louise. Lakini Kongo ya Kiswahili ilikuwa na sauti yake. Mwaka 1952 Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, kijana wa Bunkeya mwenye gitaa, Jean Bosco Mwenda wa Bayeke, na Masanga yake ikawa somo la wapiga gitaa kutoka Katanga hadi Nairobi. Tracey alisafiri na lori lililobeba jenereta, akaliacha mbali kwa waya mrefu ili mngurumo usiingie katika rekodi. Miaka hiyohiyo, 1951 na 1952, Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wa Bashi wa Kivu. Mzigo ukawa unakwenda njia ya pili: hapo zamani muziki uliingia kwa makasha, sasa ulitoka kwa makasha, na kuhifadhiwa ng'ambo.

Redio ndogo ya transista ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Ilipoenea huku, mwisho wa gramafoni uliwadia. Haikuhitaji mkono wa kuzungusha, haikuhitaji sahani, na kila mwanamuziki wa Kinshasa aliingia ndani yake. Gramafoni zikawekwa juu ya kabati, mafundi wakahamia kwenye betri na solda. Vyombo vingi havikufa kwa kuharibika. Vilikufa kwa sababu mtu wa mwisho aliyejua kulifungua kopo la springi alikuwa na kazi nyingine yenye malipo.

Goma imeongeza sababu zake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuunguza maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye, amri ya kuhama ilipotoka, watu wengi waliishika barabara ya Sake wakiwa na magodoro vichwani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji na uwanja wa ndege ukafungwa. Familia inayohama kwa saa moja huchukua watoto, vyeti na sufuria. Gramafoni ya babu haina nafasi, na anayeibakisha hana kosa.

Lakini ufundi wenyewe haujaondoka. Mtaa kama Ndosho, wenye umeme wa mashaka na vipuri vya bei, humlazimu mtu kujua kutengeneza. Anayefungua redio kwa bisibisi moja, akaokoa kipuri cha simu mbovu kwa ajili ya simu nyingine, ana nusu ya elimu inayotakiwa na sanduku la muziki. Nusu ya pili hufundishika: subira, grisi inayofaa, na kuijua springi. Chukudu nayo, ikipita juu ya mawe ya lava, haipaswi kudharauliwa, mradi kilichomo kimefungwa na mtu anayeijua njia: springi imelegezwa, mkono wa sauti umefungwa kwa kamba laini, kichwa cha sindano kimetolewa na kuwekwa peke yake, sahani ya kuzungukia imetolewa, na kasha dogo limewekwa ndani ya kubwa lenye majani makavu pande zote sita.

Siku hizi majumba ya kumbukumbu hurudisha sauti zilizorekodiwa zamani kwa njia ya mafaili ya kompyuta, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa faili halina mgongo wa kuvunjika. Mashine haina njia hiyo. Lazima ipande gari, ishuke, ivuke mpaka, ifunguliwe na mkaguzi, ifungwe tena. Toka Saadani hadi Kigoma, na toka Kigoma hadi Kivu, zilizofika zikilia ni zile zilizofungwa na mtu aliyejua kinachozungushwa na nini, na kupokewa na mtu aliyeweza kuziwasha. Kwa hiyo yeyote anayepanga kuleta au kupeleka chombo kikongwe cha muziki katika nchi hizi alipe mambo mawili kabla ya nauli: kasha zuri, na posho ya fundi wa kule kinakokwenda.